Mama na treni iliyopanda meli

Kutoka Hamburg hadi Copenhagen si mbali. Ujerumani inapanda kaskazini, inaishia kwenye kisiwa cha Fehmarn, halafu kuna maji kidogo, halafu Denmark. Hayo maji kidogo ndiyo yaliyotugombanisha sebuleni kwangu Hamburg Juni 2019, Mama na kaka walipokuja kunitembelea na tukataka kwenda kumwona mama mdogo, ambaye yuko Copenhagen tangu miaka ya themanini.

Shida ni kwamba Mama hapandi meli. Ni mtu wa Bukoba, amekua akisafiri kwenda Mwanza kwa meli kama wenzake wote, analala njiani, anaamkia bandarini. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Walikufa mamia, na mdogo wake wa mwisho alikuwa mmoja wao. Tangu hapo Mama ni wa basi. Na si basi la njia fupi, maana wakati huo njia fupi ilikuwa inavuka ziwa kwa pantoni pale Busisi. Alikuwa anazunguka Kahama na Shinyanga, siku nzima ya vumbi na mgongo kuuma, na ukimwambia pantoni ni dakika chache tu alikuwa anakuuliza kama unajua kuogelea. Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka Ukara, mkasa uleule wa kujaza watu, na mjadala ukafungwa kabisa.

Sasa treni ya Hamburg kwenda Copenhagen wakati huo ilikuwa inapanda meli. Sisemi abiria wanashuka wanahamia melini. Treni yenyewe, na magurudumu yake, inaingia kwenye meli pale Puttgarden, inavushwa dakika arobaini na tano, inatokea Rødby upande wa Denmark na kuendelea na safari. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1963, na tayari ilikuwa imetangazwa kwamba Desemba ile treni zitaacha kuvushwa. Mimi nilikuwa nimeishi Hamburg miaka yote hiyo bila kuipanda. Nilikuwa naitamani, sifichi.

Kaka alikuja na hoja yake kutoka Mwanza: tukodi gari. Tupande na barabara kuu ya A7 hadi Flensburg, tuingie Denmark, tupinde mashariki Kolding, tukate kisiwa cha Funen, kisha tuvuke daraja la Storebælt. Daraja hilo alikuwa ameliangalia kwenye simu mpaka amelikariri: magari yalianza kulipita mwaka 1998, na kati ya nguzo zake mbili kubwa kuna mita 1,624 zinazoning'inia kwenye nyaya. Nikamwambia ni zaidi ya kilomita 450, daraja lenyewe linalipiwa, wenye gari wanataka leseni ya kimataifa na wajulishwe kama gari linavuka mpaka, na Copenhagen kupata pa kuegesha ni kazi nyingine. Akasema yote hayo ni hela tu. Nikamkumbusha kwamba huku tunapita kulia. Akapanga viti vya mezani sakafuni kuonyesha jinsi ya kuingia kwenye mzunguko kwa upande wa kulia, akawa anapita katikati yake ameshika sahani kama usukani.

Mama alimwangalia mpaka akamaliza.

"Jana," akasema, "ulivuka barabara unaangalia upande usio na gari. Yule wa baiskeli nusura akutoe roho. Barabara ya miguu imekushinda, hiyo ya kuendesha utaiweza?"

Gari likaishia hapo. Kaka alirudisha viti kimoja kimoja, kwa kelele.

Nikabaki na njia niliyodhani ni ya kupatanisha: treni ya kuzunguka. Unapanda hadi Jutland, ile sehemu ya Denmark inayopakana na Ujerumani, unabadilisha treni, unakuja Copenhagen kwa kupitia Storebælt. Ni ndefu, lakini hakuna meli. Nilikuwa nimeshafungua ukurasa wa tiketi, na tiketi za bei nafuu huku hazisubiri mtu, kila siku inayopita nauli inapanda. Mama akavaa miwani akasogea kwenye kompyuta.

"Kwa hiyo tunapita juu ya lile daraja la kaka yako?"

Ningeweza kusema ndiyo, na isingekuwa uongo mtupu. Storebælt iko hivi: katikati ya mlango wa bahari kuna kisiwa kidogo, Sprogø. Upande wa magharibi wake gari na treni wanapita daraja moja, bega kwa bega. Wakifika Sprogø wanaachana. Gari linapanda kwenye daraja la kuning'inia, treni inashuka kwenye handaki la kilomita nane chini ya bahari. Nilimweleza Mama hivyo hivyo, nikamwonyesha na picha.

"Chini kiasi gani?"

Nikatafuta. Mahali penye kina zaidi ni mita 75 chini ya usawa wa bahari.

Akavua miwani. Aliifuta kwa khanga muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Kisha akaanza kuuliza habari za meli, jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo, na aliuliza kama mkaguzi: Wanahesabu watu? Nani anahesabu? Magari yanafungwa kwa nini? Maboya yako wapi, chini au juu? Kukiwa na upepo wanasimamisha? Nyingine nilijibu, nyingine kaka akazitafuta kwenye simu huku bado amenuna. Nikataja pia kwamba wakati wa kuvuka hakuna anayeruhusiwa kubaki ndani ya treni, kila abiria lazima apande juu. Hilo ndilo lililomgusa.

"Kwa hiyo siko ndani ya kitu kilicho ndani ya kitu."

"Hapana, Mama. Unakaa juu, unaona maji."

"Basi kata za meli. Kwenye meli kuna boya. Kwenye shimo kuna nini?"

Siku ya safari alivaa viatu vya raba na kujifunga khanga kiunoni juu ya suruali. Treni ilikuwa fupi, ya Kidenmaki, ile ambayo uso wake umezungushiwa raba nene nyeusi kama tairi. Tukapita Lübeck, tukapita daraja la Fehmarnsund, na mitambo ya upepo ikawa inazunguka kila upande wa kisiwa. Mama hakuiangalia. Alikuwa anatafuna kahawa aliyotoka nayo Bukoba, ya kufungwa kwa majani ya mgomba, ambayo ilikuwa zawadi ya kumpelekea mama mdogo. Tulipofika Puttgarden kifungo kimoja kilikuwa kimekwisha.

Treni ilipunguza mwendo mpaka mtoto angeweza kuipita kwa miguu. Mwanga wa dirishani ukakatika. Badala ya anga nikaona ukuta wa chuma uliopakwa rangi nyeupe, karibu kiasi cha kuugusa, na upande wa pili ubavu wa lori na namba zake za usajili. Injini ikazimwa. Likatoka tangazo kwa lugha tatu: kila mtu ashuke. Tukapita kwenye kijia chembamba kati ya behewa na malori, harufu ya dizeli imejaa, minyororo sakafuni. Mama akasimama kuiangalia minyororo ile, watu wanasubiri nyuma yake. Akaigusa mmoja kwa ncha ya kiatu, ndipo akapanda ngazi.

Juu kulikuwa na mgahawa, duka la chokoleti na manukato, na watu wanaopanga foleni ya soseji utadhani wako sokoni. Kaka alikwenda kununua viazi. Mama alitafuta kabati la maboya, akasoma maandishi ambayo hakuyaelewa, akaketi kwenye benchi la pembeni yake na kuniambia niende nikatembee kama nataka. Sikwenda. Alikuwa anahesabu watu, naona midomo ikicheza. Katikati ya maji akasema jina la mdogo wake aliyezama, jina la nyumbani, si lile la shuleni. Akaniuliza kama huko Bukoba nilikuwa na umri wa kumkumbuka. Nikamwambia nakumbuka kicheko na baiskeli yake.

"Baiskeli aliniachia mimi," akasema. "Naisafisha mpaka leo."

Rødby polisi wa Denmark waliingia kukagua pasipoti, wakaangalia viza ya Mama, wakamtakia safari njema. Copenhagen mama mdogo alikuwa jukwaani, na la kwanza alilouliza ni kahawa yake iko wapi.

Sasa hivi kwenye mlango wa bahari kati ya Puttgarden na Rødby wanajenga handaki la kilomita 18. Ni la kuzamisha vipande vya zege, vingi vyake urefu wa mita 217, na kuviunganisha chini. Treni kati ya Hamburg na Copenhagen itatumia kama saa mbili na nusu. Na kule kwetu, Juni 2025, lile daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa, Mama akalipita wiki hiyo hiyo na kunipigia simu akiwa bado juu yake, kelele za basi zima nyuma. Nami nikaona ni wakati mzuri wa kumpa habari za handaki letu.

Alisikiliza. Akauliza kama meli zitaondolewa kabisa. Nikasema sijui, ila treni haitapanda meli tena.

"Sawa," akasema. "Siku hiyo ikifika mwambie mama yako mdogo aje yeye Bukoba."