Nafasi 12 za mvulana wa Gredi ya 9: anzeni na zile tatu za kutwa

Nchini Kenya, mvulana akifika Gredi ya 9, mazungumzo ya mezani huanza na majina ya shule: Alliance, Mang'u, Maseno, Kapsabet Boys. Majina hayo yana uzito wake. Maseno ilianza 1906, Mang'u 1925, Alliance 1926, na kuna familia ambazo babu, baba na mwana wote wamevaa sare ileile. Ila uteuzi wa shule ya Sekondari Pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, hauanzi na jina. Unaanza na masomo, unafuata mahali, na jina la shule huja mwisho. Mzazi anayepindua mpangilio huo ndiye anayejikuta Desemba akiuliza kwa nini mwanawe amepelekwa asikokutarajia.

Utaratibu uliotumiwa na kundi la kwanza, lililoingia Gredi ya 10 Januari 2026, ulikuwa hivi. Mwanafunzi anachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Ndani yake anachagua miseto mitatu ya masomo, kila mseto ukiwa na masomo matatu. Kwa kila mseto anaandika shule nne, jumla 12. Kati ya hizo, tisa ni za bweni (tatu katika kaunti yake, sita nje ya kaunti) na tatu ni za kutwa katika kaunti ndogo anakoishi. Ukigawanya sawasawa, kila mseto unapata bweni moja ya kaunti yenu, bweni mbili za nje na kutwa moja. Pangeni hivyo hivyo, msilimbikize shule zote kubwa chini ya mseto mmoja na kuacha miseto mingine ikiokoteza.

Sasa zile tatu za kutwa. Wazazi wengi huzijaza dakika ya mwisho, kwa kumwambia mwalimu "weka yoyote ya hapa karibu". Hilo ni kosa kubwa kuliko yote katika zoezi zima. Waliofanya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, mwaka 2025 walikuwa zaidi ya milioni 1.1. Shule za C1, yaani zilizokuwa zikiitwa za kitaifa, huchota wavulana kutoka kaunti zote 47, na shule zilizo nyingi kuliko zote nchini ni za kundi C4, ambazo ni za kutwa. Mvulana mwenye alama nzuri kabisa anaweza kuishia kutwa, na hapo ndipo tofauti kati ya kutwa iliyochaguliwa na kutwa iliyookotwa inapoonekana kwa miaka mitatu mfululizo.

Kutwa ikaguliwe kwa miguu. Tembea na kijana kutoka nyumbani hadi langoni saa ambayo angekuwa anakwenda, si Jumamosi adhuhuri. Kama ni matatu, piga hesabu ya mwaka: shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, kwa makadirio ya siku 180 za masomo, ni shilingi 18,000. Masomo ya kutwa hayana karo, lakini chakula cha mchana mzazi hulipa, kwa hiyo uliza kiasi chake mapema. Na kama mnaishi Embakasi ilhali nyumbani kwenu ni Siaya, amueni mtoto atalala wapi kabla ya kuandika kaunti ndogo. Akichaguliwa shule ya kutwa ya Siaya na nyinyi mko Nairobi, kuna nyanya mmoja atakayebeba mzigo ambao hakuulizwa.

Kuhusu masomo. Kila shule inatakiwa kutoa STEM na angalau mkondo mmoja zaidi. Zinazotoa mikondo yote mitatu ni chache zaidi, hivyo mvulana wa muziki, uchoraji au riadha ana shule chache za kuchagua, na orodha yake ianze huko. Mseto fulani ukiwa haumo katika shule husika, hakuna jina litakalomsaidia. Orodha ya shule pamoja na miseto yake hupatikana kwenye selection.education.go.ke, lakini kuwemo kwenye orodha si sawa na kuwa na mwalimu darasani.

Kwa hiyo nenda shuleni ukaulize maswali yenye jibu la namba. Somo hili lina walimu wangapi wa TSC, yaani walioajiriwa na serikali, na wangapi wanalipwa na bodi ya shule? Katika KCSE iliyopita, mtihani wa Kidato cha Nne, waliofanya Fizikia walikuwa wangapi kati ya watahiniwa wote? Shule yenye watahiniwa 180 na 20 tu wa Fizikia inakuonyesha kitu: pengine mwalimu ni mmoja, pengine maabara haitoshi. Omba kuingia maabara. Fungua bomba uone kama maji yanatoka. Tazama chupa za kemikali: zenye vumbi shingoni na lebo zilizofifia hazijaguswa muhula mzima. Angalia kama mipira ya gesi imefungwa kwenye meza au imeviringishwa kabatini. Dakika kumi humo ndani zina maana kuliko bango la matokeo lililotundikwa langoni.

Bango hilo lenyewe lisomwe kwa akili. KCSE itaendelea hadi 2027, na shule zitazidi kujinadi kwa alama ya wastani. Chukua mfano: shule moja ilipokea wavulana waliopata kama 400 kati ya 500 katika KCPE, mtihani wa zamani wa Darasa la Nane, ikatoa wastani wa 8.5 kati ya 12 katika KCSE. Nyingine ilipokea wa 280 ikatoa 6.5. Ya pili imewapandisha wanafunzi wake kutoka chini zaidi, huenda kuliko ya kwanza. Kwa kijana wa kiwango cha kati, huko ndiko kuna walimu waliozoea kumwinua mtu kama yeye.

Alama za kupangiwa shule hazitoki kwenye mtihani mmoja. KJSEA ina asilimia 60, KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20. Ina maana asilimia 40 zimeshaamuliwa kabla ya Gredi ya 9 kuanza. Kaa na mwalimu wa darasa muone rekodi hizo kabla ya kuandika C1 mara tisa. KJSEA yenyewe ina masomo tisa, kila moja pointi nane, jumla 72.

Karo ya serikali ni shilingi 53,554 kwa mwaka katika bweni za C1, na kwa kawaida 40,535 katika bweni nyingine. Hugawanywa asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu, kwa hiyo muhula wa kwanza wa C1 unataka 26,777, na bado hujanunua sare, godoro, blanketi wala sanduku. Basari hazifiki mapema hivyo. Kama pesa ya Januari haipo, bweni ya kaunti yenu yenye mwalimu wa somo lake inaweza kuwa chaguo bora kuliko ya mbali yenye jina, maana hata nauli ya likizo inapungua.

Bweni la wavulana likaguliwe kwa macho yako mwenyewe, hata kama umeambiwa wageni hawaingii. Machi 2001 wavulana 67 waliteketea bwenini Kyanguli, Machakos: mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa 2008 unataka mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, milango ya upana wa futi tano inayofunguka kwa nje, madirisha yasiyo na vyuma, mita 1.2 kati ya vitanda na mita 2 za ujia. Nyoosha mikono yako kati ya vitanda viwili. Vikigusana na mapaja yako unapopita, bweni limejaa kupita kiasi, na shule isiyojali hilo huenda haijali mengine. Uliza ufunguo wa mlango wa dharura unakaa wapi usiku, kisha mwulize mwanafunzi swali hilohilo.

Jambo moja kwa wazazi Waislamu, hasa wa Pwani na Kaskazini Mashariki: shule nyingi kongwe zina mdhamini wa kanisa ingawa ni za serikali. Ulizeni kama kuna mwalimu wa IRE (elimu ya dini ya Kiislamu), kama kijana ataruhusiwa sala ya Ijumaa, na Ramadhani jikoni hufunguliwa saa ngapi kwa daku na futari. Mpate jibu kabla ya kuichagua shule.

Siku ya mwalimu kuingiza chaguo kwenye mfumo, mzazi awepo. Soma kila mstari kwenye skrini: namba ya tathmini, kaunti ndogo, mseto, na jinsia ya shule. Kuna Kisumu Boys na Kisumu Girls, Kapsabet Boys na Kapsabet Girls, na mstari mmoja ukibofywa vibaya, mvulana anaandikiwa shule ya wasichana. Omba nakala iliyochapwa, muiweke sahihi wewe na mwanao, uihifadhi. Dirisha la kubadilisha likifunguliwa baada ya matokeo, hubaki wazi siku chache tu, na nafasi zinazobaki ni za shule ambazo hazijajaa. Uwe na majina matatu ya akiba, yaliyokaguliwa kama mengine, yameandikwa nyuma ya nakala hiyo.