Nilivyofanya jedwali la matokeo litoke kwenye karatasi kama lilivyo kwenye skrini

Mimi ni mwalimu wa taaluma, na kila mwisho wa muhula lazima matokeo ya darasa zima yatoke kwenye karatasi: jina, masomo, jumla, wastani, nafasi na maoni ya mwalimu wa darasa. Kwenye skrini ya laptop jedwali, nililolitengeneza kwa Excel (programu ya majedwali), lilikaa vizuri ndani ya upana wa ukurasa. Nikilipeleka steshenari kwa flashi, kolamu za nafasi na maoni zinahamia karatasi nyingine, bila majina. Mzazi akipewa karatasi ya namna hiyo hajui mwanawe kawa wa ngapi, na hilo ndilo swali lake la kwanza.

Kijana anayeprinti pale ndiye aliyenifungua macho. "Mwalimu, faili lako ni la Letter. Sisi hapa tuna A4 tu." Letter ni saizi ya Marekani, milimita 216 kwa 279, A4 ni 210 kwa 297. Milimita 6 za upana ni kidogo, lakini zinatosha kuisukuma kolamu nzima nje. Pia Excel hupanga kurasa kwa kufuata printa iliyochaguliwa kwenye kompyuta husika. Ukihamia kompyuta nyingine yenye draiva nyingine (programu inayoiendesha printa), mahali ukurasa unapokatika panaweza kuhama.

Basi nilianza na karatasi: kwenye menyu ya Page Layout nikaweka A4 ya kulala. Nikalichagua jedwali na kuliwekea Print Area, yaani eneo la kuprintiwa. Kisha Width (upana) nikaiweka ukurasa 1, Height (urefu) nikaiacha Automatic, ijipangie yenyewe, kwa sababu ukilibana darasa kubwa liingie ukurasa mmoja herufi hazisomeki. Mstari wa vichwa nikauweka kwenye Print Titles ujirudie kila ukurasa.

Kilichonisumbua zaidi ni kolamu ya maoni. Kwenye skrini, "Ana bidii, aongeze mazoezi ya Hisabati" ilikaa mistari miwili. Kwenye karatasi ikataka mitatu, na neno Hisabati likamezwa na seli. Skrini kwa kawaida huchora herufi kwa nukta 96 kwa inchi, printa nyingi za leza kwa 600, hivyo upana wa maneno hautoki sawasawa. Tarakimu nazo zikibanwa hugeuka ####. Dawa ni kuacha nafasi: nilipanua kolamu kidogo na kuongeza urefu wa mistari kwa mkono, zaidi ya ule ambao Excel hujipangia yenyewe.

Siku hizi sipeleki tena faili la Excel. Nahifadhi PDF nyumbani, kwa kuwa kompyuta nyingine haiwezi kuipanga upya, na naikagua hadi kolamu ya mwisho. Kingo naziacha pana, maana printa nyingi haziprinti hadi ukingoni kabisa. Steshenari namwomba kijana achague Actual size, asichague Fit inayobadilisha ukubwa. Tunatoa nakala moja kwanza, naisoma palepale kuanzia jina hadi maoni, ndipo anaachia za darasa zima.