Siku moja maishani mwangu: pesa yako haitoki jimboni bila karatasi zangu

Nikiwaambia watu nafanya kazi kwenye kampuni ya kutuma pesa nyumbani, swali la kwanza huwa "dola leo shilingi ngapi?" Sijui. Huwa sijui mpaka nimuulize dada wa kaunta. Mimi niko chumba cha nyuma kisicho na dirisha, na kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kila jimbo tunalopokea pesa ya mtu limeturuhusu kuipokea. Marekani haina leseni moja ya nchi nzima kwa biashara hii. Unajisajili FinCEN, idara ya kupambana na uhalifu wa kifedha iliyo chini ya Wizara ya Fedha, usajili unaohuishwa kila baada ya miaka miwili, na hapo ndipo kazi inaanza: majimbo 49 pamoja na Washington DC, kila moja na leseni yake, ada yake, dhamana yake na mkaguzi wake. Montana peke yake haidai leseni hii. Mteja wa Montana sijawahi kumpata.

Kampuni yetu ni ndogo, iko Columbus, Ohio. Majimbo machache tunayo, mengine maombi yako njiani. Naandika siku hii, Jumatano moja ya Desemba 2025, kwa sababu ndugu zangu wanaamini nalipwa kwa kubonyeza kompyuta.

Saa 11 alfajiri

Dar es Salaam ni saa 7 mchana na watu wamechoka kunisubiri. Mshirika anayetulipia kule anataka barua, wakili anataka sahihi, mhasibu anataka likizo. Nawajibu wote nikiwa kitandani. Kisha chai, watoto, na kukwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Saa 2 asubuhi

Nafungua NMLS, mfumo wa mtandaoni ambao majimbo yanautumia pamoja kwa mambo ya leseni. Ulianza 2008 kwa watu wa mikopo ya nyumba, na 2012 ukatufikia sisi. Dirisha la kuhuisha leseni lilifunguliwa Novemba 1 na leseni zetu zinakwisha Desemba 31. Jimbo likiwa na shaka linakuwekea hoja, kama zile za CAG, na hoja isipofungwa hakuna leseni. Leo naziona kadhaa. Sijaanza hata ya kwanza, dada wa kaunta ananiletea simu. "Huyu anakutaka wewe. Mimi kanishinda."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo programu yenu imenikataa."

Namfahamu. Alikuwa akija dukani kila mwisho wa mwezi, anajenga nyumba Korogwe, tofali kwa tofali. Septemba alihamia jimbo jingine, kusini, kwa binti yake. Na kwa kuwa ni mtu muungwana, aliingia mwenyewe kwenye programu akabadilisha anwani. Hilo ndilo lililomponza.

"Mzee, ulikohamia bado hatujapata leseni."

"Leseni? Kwani mimi naendesha gari?"

"Leseni yetu, mzee. Ya kupokea pesa yako."

"Mwaka jana mlikuwa mnapokea."

"Mwaka jana ulikuwa Ohio."

Akanyamaza kidogo, nikajua anapanga maneno. "Kadi ni ileile. Benki ni ileile. Pesa inakwenda kulekule Korogwe, kwa fundi yuleyule. Hilo jimbo linaingiaje hapo?"

Swali zuri, na kuna mawakili wanaolipwa kwa saa kulijibu. Sheria haiangalii pesa inakwenda wapi. Inaangalia anayeituma amekaa wapi, kwa sababu jimbo linamlinda mkazi wake. Akihama, mlinzi wake anabadilika, na huyo mlinzi mpya hanijui mimi.

"Sawa," akasema. "Basi nirudishie anwani ya zamani. Niandike bado niko Columbus."

"Siwezi, mzee."

"Kwa hiyo nikisema uongo inakubali, nikisema kweli inakataa."

Sikuwa na jibu la kumpa, maana ndivyo ilivyo. Wakati huo Korogwe ilikuwa imeshapita saa 10 jioni. Fundi alikuwa juu ya kenchi, mabati yalikuwa dukani, na duka lile linafungwa saa 12. Kila dakika chache mzee aliniambia "subiri", nikawa namsikia kwenye simu ya binti yake akimtuliza fundi: "Nao wananiambia habari za leseni, vumilia." Halafu anarudi kwangu, sauti imepanda kidogo.

Akauliza kama ampe pesa mjukuu wake aliyebaki Columbus. Nikamwambia mjukuu akituma ataulizwa pesa ni ya nani, na atatakiwa kusema kweli, na mimi kumpangia mtu njia ya kuzunguka ndicho kitu cha kwanza nisichoruhusiwa kufanya. Akaguna. Akauliza kama akiendesha gari mpaka mpakani mwa Ohio. Nikamwambia ni mbali, mzee. "Najua ni mbali," akasema, "nakuuliza kisheria."

Ndipo akatoa alilokuwa amelificha. "Basi kuna kijana mmoja hapa mtaani. Unampa taslimu, kaka yake Kariakoo anatoa mzigo jioni hiyohiyo. Hana maswali."

Hapo niliacha kuwa mpole. Kufanya biashara hii bila leseni ni kosa la jinai la shirikisho, kifungo mpaka miaka mitano, na tangu sheria ilipokazwa 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kusema "sikujua jimbo linataka leseni" hakumsaidii mtu. Mzee hafungwi kwa kumpa kijana pesa yake, hilo nilimwambia. Lakini siku benki itakapoifunga akaunti ya kijana, au kijana mwenyewe atakapohama usiku, mzee atadai kwa nani? Kwetu sisi kuna dhamana, ahadi ya kampuni ya bima kuwalipa wateja tukishindwa sisi. Majimbo yaliyoifuata sheria ya mfano ya 2021, yaani rasimu moja ambayo kila jimbo linaweza kuifanya sheria yake, yanataka isipungue dola 100,000, na inaweza kufika 500,000 kadiri pesa za watu zinavyoongezeka mikononi mwetu. Juu ya hapo, kila dola tuliyopokea na bado haijamfikia mlengwa lazima iwe na mali ya kuifidia, taslimu au uwekezaji unaokubalika. Na risiti: kiwango, ada, kiasi kitakachofika, na nusu saa ya kubadili mawazo ukarudishiwa pesa yako.

"Mwanangu," akasema mzee, taratibu kabisa, "unanisomea sheria na fundi ananipigia mara ya tatu."

Haki yake. Nikamwambia afungue kompyuta ya binti yake aingie NMLS Consumer Access. Ni tovuti ya bure, mtu yeyote anaweza kuangalia kampuni ipi ina leseni jimbo gani, na ajabu yake ni kwamba wateja karibu wote hawajawahi kuisikia. Tukatafuta miwani. Tukatafuta nenosiri la kompyuta. Akaandika jina la kampuni anayoijua kwa matangazo, akakosea herufi, akaandika tena. Kisha akaanza kunisomea orodha ya majimbo, moja baada ya jingine, tangu A, kama anaita mahudhurio darasani. Sikumkatiza. Alipofika kwenye jimbo lake akapaza sauti: "Lipo! Wameidhinishwa!"

Basi nikamwelekeza kwa washindani wetu, hatua kwa hatua, mpaka akapata risiti. Bosi alipita mlangoni wakati namwambia bonyeza kitufe cha "tuma". Alisimama, akasikiliza, akaenda zake bila kusema neno. Ilikuwa imekaribia saa 3, na chai yangu ilikuwa baridi.

Saa 3

Sasa niseme kwa nini hatuna leseni ya jimbo la mzee. Tuliomba Machi. Tulipeleka hesabu zilizokaguliwa, mpango wa biashara, sera ya kuzuia utakatishaji fedha, alama za vidole za wakubwa wote. Imebaki hoja moja, na ndiyo niliyokuwa nikiikimbia asubuhi.

Mkurugenzi wetu mmoja alizaliwa Kongo, akakulia kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, akaletwa Ohio 2017. Fomu ya mtu binafsi inataka makazi na kazi za miaka kumi, bila mwezi hata mmoja kuachwa. Kwa hiyo inaingia kambini. Mtaa? Namba ya nyumba? Namba ya posta? Niliandika "Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, Kigoma, Tanzania." Ikarudi: anwani haijakamilika. Kwenye kazi niliandika alifundisha shule ya msingi kambini na kuuza sabuni jioni. Ikarudi: taja jina na simu ya mwajiri wa sabuni.

Na kwa kuwa ameishi nje ya Marekani ndani ya miaka hiyo, jimbo linataka ripoti ya uchunguzi kutoka kampuni huru. Kampuni hiyo, ambayo tunailipa vizuri tu, iliniuliza rekodi za mahakama ya "jiji la Nyarugusu" zinapatikana tovuti gani. Niliandika jibu la kwanza, nikalifuta. Nikaandika la pili, la adabu: kwamba ni kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1996, imegawanywa zoni na vijiji, na kwamba barua ya UNHCR iliyoambatanishwa ina namba ya familia yake. Nikamwita mkurugenzi mwenyewe. Alikuwa akikumbuka zoni, kijiji, na mti uliokuwa mbele ya nyumba. Mti sikuuandika, ingawa nilitamani.

Simlaumu mkaguzi. Ana fomu yenye visanduku, na huyu bwana hakuishi ndani ya visanduku. Akiruhusu mtu mmoja aruke mwaka, kesho ataruka mwingine mwenye cha kuficha. Lakini inachosha. Mtu aliyehojiwa kwa miaka ili aruhusiwe kuingia nchi hii anahojiwa tena ili aruhusiwe kuwatumia wengine pesa nyumbani.

Mchana

Nakula wali nikisimama kaunta, maana foleni imefika mlangoni. Wote wanauliza kodi mpya: kuanzia Januari 1, 2026, anayetuma pesa nje kwa kulipa taslimu atakatwa asilimia 1, anayelipa kwa kadi ya benki ya hapa hakatwi. Tumebandika tangazo kwa Kiswahili, Kisomali na Kifaransa. Hakuna anayelisoma. Wanakuja kuniuliza mimi nikiwa nimesimama chini yake.

Baada ya hapo saa zinachanganyika. Kampuni ya bima inataka mizania mpya kabla ya kuongeza dhamana yetu. Mwenye duka Dayton, wakala wetu, amefungua tawi la pili na kuanza kupokea pesa kabla sijalisajili kwa jimbo, namwambia afunge kaunta leo, ananiambia nina roho mbaya. Jimbo moja limeandika "upya" bila kueleza nini kifanywe upya. Nimelipia ada za kuhuisha leseni mbili, au tatu, na mfumo umenitoa nje kila mara kabla risiti haijatoka. Nilipopita kaunta nje kulikuwa kweupe, nilipopita tena nikaona taa za magari.

Usiku

Watoto wamelala. Nimepandisha jibu la Nyarugusu kwenye mfumo: zoni, kijiji, barua, ramani, na maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu sabuni. Mfumo umeandika limepokelewa.

Kwenye simu kuna ujumbe wa sauti wa mzee, wa tangu mchana. Pesa ilifika kabla duka halijafungwa, mabati yamelipiwa, fundi anaanza kesho. Lakini hao wenzetu, anasema, wamemkata vibaya mno kwenye kiwango, na ada juu yake. Leseni yetu inatoka lini?

Nikamwandikia kwamba imebaki hoja moja tu, mambo ya anwani.

Jibu lilikuja papo hapo: "Anwani? Kwani na ninyi mmehama?"