Kumtafuta Bartholdi kwao: safari ya Colmar, Belfort na Paris

Sanamu ya Uhuru iliyoko bandarini New York inajulikana hata na watoto wa shule, ilhali jina la Frédéric Auguste Bartholdi, Mfaransa aliyeibuni, huwatoka hata watu wazima waliosoma. Kwa sababu hiyo, nilipopata nafasi ya kwenda Ufaransa msimu wa mapukutiko, niliazimia kumtafuta mchongaji huyu katika kazi alizowaachia watu wa kwao, mbali na kazi ile moja ambayo imekuwa kubwa kuliko fundi wake. Nilipanda treni ya mwendokasi kutoka Paris kuelekea mashariki hadi Strasbourg, kisha treni ya kawaida iliyoteremka kusini ikiwa na milima ya Vosges upande wa kulia na mashamba ya mizabibu yaliyokwisha kugeuka manjano.

Colmar ni mji wa nyumba za mbao na plasta zilizopakwa rangi. Nyumba aliyozaliwa Bartholdi tarehe 2 Agosti 1834 ipo katika mtaa wa rue des Marchands, namba 30, na tangu mwaka 1922 imekuwa makumbusho yake. Baba yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka miwili hivi, na mama, Charlotte, akahamia Paris na wanawe bila kuiuza nyumba hiyo. Uani nilikuta kundi la shaba nyeusi la watu watatu walioubeba mpira wa dunia; ni kazi ya uzeeni mwake, nzito kidogo kwa macho yangu, ya mtu aliyezoea mno kusema mambo makubwa.

Ndani, kitu kilichonishika kwa muda mrefu ni sikio. Ni sikio la plasta la Sanamu ya Uhuru, kwa kipimo chake kamili, na ukilisogelea huoni tena sikio bali mabonde na matuta. Hapo ndipo nilipoielewa kazi yenyewe. Bartholdi alianza na kielelezo kidogo, akakikuza hatua kwa hatua, na hatua ya mwisho ikafanywa kipande kwa kipande, kwa kuwa hakuna karakana ambayo ingemweka mwanamke wa mita 46 akiwa mzima chumbani. Juu ya kila kipande cha plasta maseremala waliunda kalibu za mbao, na mafundi wakayagongagonga mabati ya shaba ndani yake kwa nyundo mpaka yakashika umbo. Shaba hiyo ina unene wa milimita 2.4 tu. Kinachoibeba ni kiunzi cha chuma kilichosanifiwa na Gustave Eiffel, kwa hiyo sanamu ambayo kwa mbali inaonekana kama mlima, kwa hakika ni ganda jembamba lililoning'inizwa. Mwaka 1885 ilivushwa bahari ikiwa vipande ndani ya masanduku, na ikazinduliwa tarehe 28 Oktoba 1886.

Wazo la mwanamke mkubwa mwenye mwenge halikuanzia Marekani. Mwaka 1855, akiwa kijana wa miaka 21, Bartholdi alisafiri hadi Misri na baadaye Yemen, akipiga picha kwa kamera za zama hizo, na masanamu makubwa ya mawe ya mafarao yakamkaa moyoni. Mfereji wa Suez ulipokaribia kufunguliwa mwaka 1869, alimpelekea Khedive Ismail, mtawala wa Misri, mchoro wa mnara wa taa wenye umbo la mwanamke wa kishamba wa Kimisri aliyeinua taa, usimame kwenye lango la kusini la mfereji. Mradi haukukubaliwa. Baadaye Bartholdi mwenyewe alikana kwamba mwanamke wa New York ni yule wa Suez aliyebadilishwa vazi, lakini ukivitazama vielelezo vyake vya udongo ni vigumu kumwamini. Nami, mtu wa mwambao ambao meli zake za kwenda Ulaya zilipitia mfereji huo kwa miongo mingi, sikuacha kuwaza kwamba mwanga huo nusura uwe wa kwanza kuwalaki wazee wetu waliokuwa wakipanda Bahari ya Shamu.

Kutoka kwenye makumbusho nilitembea hadi uwanja wa Champ de Mars wa Colmar kuutazama mnara wa Amiri Jeshi wa majini Bruat, mzaliwa wa mji huo. Bartholdi aliukamilisha mwaka 1864: amiri amesimama juu, na chini yake, kuizunguka chemchemi, wameketi watu wanne wa jiwe la mchanga wanaowakilisha mabara manne. Afrika ilikuwa mwanamume mwenye misuli, aliyeinamisha kichwa kwa fikra na huzuni. Daktari Albert Schweitzer, aliyezaliwa Kaysersberg karibu na hapo mwaka 1875, alieleza kwamba tangu utotoni kila alipofika Colmar aliitazama sura hiyo, nayo ndiyo iliyomfanya aifikirie Afrika; mwaka 1913 akaenda Lambaréné, Gabon, kufungua hospitali. Leo ukifika uwanjani humwoni mtu huyo. Utawala wa Kinazi uliubomoa mnara mwaka 1940, na watu wanne walioizunguka chemchemi sasa ni kazi ya mchongaji mwingine, iliyowekwa baada ya vita.

Mimi nina ugomvi mdogo na Bartholdi kuhusu mtu huyo. Alimpa heshima ya uso wenye mawazo, jambo ambalo wachongaji wengi wa zama zake hawakuwapa Waafrika, lakini alimketisha miguuni pa afisa wa manowari. Schweitzer aliiona huzuni, akaichukua kuwa ombi la msaada. Mtu wa kwetu angeweza kuisoma kuwa ni lawama.

Kesho yake nilikwenda Belfort kwa treni kupitia Mulhouse. Safari hiyo fupi inakatiza mpaka ambao sasa haupo. Mwaka 1870 Ufaransa ilipigana na Prussia. Bartholdi alivaa sare, akawa ofisa wa walinzi wa mji wa Colmar na kisha akatumikia jeshi la Garibaldi, jemadari wa Italia, lililokuja kuisaidia Ufaransa. Vita vilipokwisha, Alsace, jimbo ambalo Colmar imo, ilitwaliwa na Ujerumani, na mji aliozaliwa ukawa nchi ya kigeni mpaka alipokufa. Belfort ilibaki Ufaransa kwa sababu Kanali Denfert-Rochereau na watu wake walistahimili kuzingirwa kwa siku 103, hadi Februari 1871.

Simba wa Belfort, sanamu ya Bartholdi ya kuukumbuka ustahimilivu huo, ameegemezwa kwenye jabali chini ya ngome, ana urefu wa mita 22 na kimo cha mita 11, na alikamilika mwaka 1880. Nilipanda hadi kibaraza kilicho chini ya makucha yake. Kwa karibu unaona kwamba amejengwa kama nyumba, tofali juu ya tofali za jiwe jekundu la Vosges, na maungio yake yanapita shingoni na mbavuni bila kufichwa. Amejiinua kwa miguu ya mbele, nusu amelala nusu anaamka, na chini ya ukucha mmoja kuna mshale. Hana furaha ya ushindi, maana hapakuwa na ushindi. Ana ukaidi wa mnyama aliyejeruhiwa ambaye bado hajatolewa pangoni. Naiweka kazi hii juu ya Sanamu ya Uhuru bila kusita. Ile ya New York ni wazo lililovikwa nguo. Huyu ana mwili.

Niliporudi Paris nilishuka kituo cha metro cha Denfert-Rochereau, ambako simba huyohuyo amewekwa katikati ya makutano ya barabara, theluthi moja ya kipimo, akiwa wa shaba iliyogongwa kwa ufundi uleule wa Sanamu ya Uhuru. Magari humzunguka kutwa kucha. Bartholdi alifariki jijini humo tarehe 4 Oktoba 1904, akazikwa katika makaburi ya Montparnasse, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwa simba wake, miaka 14 kabla Colmar haijarejeshwa Ufaransa.