Brezel, jaribio la saba: tumbo limepasuka!

Limepasuka. Jana usiku nilikuwa nimechuchumaa mbele ya oveni, nikaliona tumbo la brezel, ule mkate wa Kijerumani uliosokotwa kama fundo, likifunguka polepole na weupe wa ndani ukichomoza. Nikapiga yowe mpaka mama mwenye nyumba akashuka kuuliza kama nimeungua.

Vipimo ni vile vile: unga wa ngano namba 550 nusu kilo, maji gramu 260, chumvi gramu 10, siagi kidogo, hamira. Kusokota nako hakujanisumbua, mkono uliolelewa na chapati unajua unga. Nimekwama tangu nifike Ulm, kusini mwa Ujerumani, kwa mambo mawili: rangi na huo mpasuko. Hapa Swabia brezel ina mikono myembamba na tumbo nene, na tumbo huchanjwa kwa wembe ili lipasuke. Lisipopasuka umeoka andazi lenye mikono.

Rangi kwanza. Waokaji wa hapa huchovya brezel kwenye maji yenye kostiki soda, karibu asilimia 4, kostiki ile ile ya kutengenezea sabuni. Niliogopa kuiingiza kwenye jiko la watu, nikaenda kununua bekingi soda. Kwenye paketi imeandikwa “Natron”. Nilicheka peke yangu dukani: mtu wa Arusha, Ziwa Natron liko mkoani kwetu, nimekuja Ujerumani kulinunua kwa paketi! Na halikunisaidia. Bekingi soda ni dhaifu mno, brezel zikatoka na rangi ya biskuti. Nilipozichovya kwenye maji yanayochemka nikaziharibu zaidi, ngozi ikaiva kabla ya kuingia ovenini.

Jumamosi moja nilikuwa naenda Blaubeuren kuiona Blautopf, chemchemi yenye maji ya buluu kama wino. Tiketi ya mwezi ninayo na treni ni dakika chache tu. Natafuta soksi sandukuni, nikakuta mfuko wa magadi alionifungia mama kwa ajili ya makande. Safari ikafa hapo hapo. Magadi si kaboneti na bikaboneti zimekaa pamoja? Nikayatwanga, nikayaoka saa nzima kwa nyuzi 150 ili bikaboneti nayo igeuke kaboneti yenye ukali zaidi, nikayeyusha, nikachuja mara mbili kwa kitambaa, maana tope lake mnalijua.

Mama nilipomwambia kwenye simu: “We mtoto! Magadi ya makande unapikia mikate ya Wazungu?”

Rangi ikaja! Kahawia ya kung'aa, na vidoa viwili vitatu vya kijivu. Sufuria ya alumini ya mama mwenye nyumba ikawa nyeusi ndani, nimeshamnunulia nyingine ya chuma cha pua. Msiige kwa alumini. Na msifanye kila siku: magadi ya kwetu yana floraidi nyingi, na meno yetu watu wa kaskazini yanatosha kuwa ushahidi.

Tumbo likaendelea kugoma. La nne, la tano, la sita. Nilibadilisha wembe. Nilichanja juujuu, nikachanja kwa kina, nikapandisha joto kutoka 220 hadi 230. Wapi! Juzi kwa hasira nikafungua daftari ninaloandikia majaribio pamoja na matembezi yangu. La nne: nimepanda mnara wa kanisa la Ulmer Münster, mita 161 na nusu, ngazi 768, magoti yanalia. La tano: Museum Brot und Kunst, jumba la makumbusho ya mkate, ambalo tangu lianzishwe mwaka 1955 limekusanya kila kitu cha mkate isipokuwa mkate wenyewe. La sita: Fischerviertel, mtaa wa zamani wa wavuvi, kupiga picha nyumba moja iliyoinamia maji.

Mmeona? Kila mara niliacha brezel mezani zikiumuka, nikaenda kutembea, nikarudi baada ya saa mbili. Zilikuwa zimevimba mpaka zimechoka, zitapasuka kwa nguvu gani? Nami wiki tatu nalaumu wembe.

Jana sikutoka. Nusu saa mezani, kisha nje kwenye kizingiti cha dirisha bila kufunikwa, nyuzi 2, mpaka ngozi ikakauka kama ya ngoma. Maji ya magadi yakiwa vuguvugu, nikachovya, nikachanja, chumvi ya chengachenga, nyuzi 230, dakika 15. Wembe ule ule wa zamani. Kama una hela ya kifaa kimoja tu, nunua mizani ya kidijitali. Hizo mashine za kukandia waachie wasio na mikono.

Mama mwenye nyumba alikula mbili kwa siagi. Ya kwanza alinyamaza. Ya pili akasema, kwa upole, kwamba zina harufu ya sabuni kwa mbali. Asubuhi nimekuta mezani kopo la kostiki na glavu za mpira.

Blautopf isubiri tena.