Barua ya mwalimu wa fizikia na maombi yangu ya chuo Marekani

Ukiomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachosema ni matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Hakuna anayekuuliza jioni huwa unafanya nini. Vyuo vya Marekani vinavyochuja sana vina utaratibu mwingine: waombaji wengi wana alama nzuri, hivyo alama peke yake hazimtofautishi mtu. Mimi ni wa Tandika, nilisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) shule ya serikali ya kutwa, na sasa niko chuo kimoja kidogo huko kwa ufadhili. Watu huniuliza insha yangu ilihusu nini. Naona wangeanza na barua ya mwalimu ya kukupendekeza chuoni.

Barua nyingi za shule zetu ni pacha: "mwanafunzi mwenye nidhamu, mtiifu, anayeshirikiana na wenzake." Ya hivyo inatosha kuombea mafunzo kwa vitendo, basi. Kwa hiyo matokeo yalipotoka mwezi wa saba nilimfuata mwalimu wangu wa fizikia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Haya, niandike nini zaidi ya kwamba una nidhamu?"

"Naomba uandike ile habari ya pendulamu, kama unaikumbuka."

Akacheka. Angeachaje kuikumbuka! Tukiwa kidato cha tano tulipima g, yaani mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, kwa pendulamu (uzito unaobembea kwenye uzi), na karibu darasa zima likapata 9.8, maana jibu linajulikana na kupika data si kazi. Yangu ilikuja 9.4. Nikairudia, ikaja ileile. Mwalimu hakunikata alama. Aliniambia nitafute tatizo liko wapi. Nikabadilisha uzi, nikakaza stendi, wapi. Mwishowe tukaiweka ile saa kuukuu ya maabara, ya kutia ufunguo, kando ya simu yake. Ndani ya dakika tano ilikuwa imetangulia sekunde sita. Muda ukizidi kwa asilimia mbili, g hupungua kwa karibu asilimia nne, kwa kuwa kwenye fomula muda una kipeo cha pili. Ndiyo 9.4 yangu hiyo.

Nilimwachia karatasi moja yenye matukio kama hayo, na somo ninalotaka kusoma. Barua aliandika mwenyewe. Wapo walimu watakaokwambia "andika wewe, mimi nitasaini". Kataa kwa adabu, kwa sababu insha yako na barua zikitoka mkono mmoja, anayezisoma zote mfululizo atahisi. Fomu ya Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi vya Marekani, pia inakuuliza kama unaachia haki yako ya kuisoma barua. Niliiachia, kwa hiyo sijui aliandika nini hasa. Ila barua yangu ya kukubaliwa ilikuja na mstari ulioandikwa kwa mkono: ile saa ya maabara ilishabadilishwa?

Jambo la pili lilikuwa kuwaeleza alama zetu. Kwao mwanafunzi hodari ana tisini na kitu. Kwetu A ya kidato cha sita inaanzia 80, B ni 70 hadi 79, C ni 60 hadi 69, na mitihani ya shule husahihishwa kwa ukali zaidi. Mtu wa 61 anaweza kuwa wa kwanza darasani. Asiyejua hayo akiona 61 ataona umefeli. Fomu yao inataka mshauri wa wanafunzi aeleze shule ilivyo, nasi hatuna mtu wa cheo hicho. Mwalimu wa taaluma aliniandalia ukurasa mmoja wenye madaraja ya NECTA, idadi yetu darasani na nafasi yangu, mkuu wa shule akaupitisha.

Kwenye shughuli za nje ya darasa una nafasi kumi, kila moja herufi 150 za maelezo. Sikuwa na klabu ya midahalo wala medali. Nilikuwa na kibanda cha shangazi cha uwakala wa pesa za simu, nilikokaa jioni nikiandika daftari la floti, yaani salio la wakala la kuhudumia wateja. Fomu ina kipengele cha kazi ya malipo na kingine cha majukumu ya nyumbani, na vyote vinahesabika. Badala ya "nilimsaidia shangazi" niliandika kwamba nilipanga siku za kuongeza floti kwa kufuata daftari, ili mwisho wa mwezi wateja wasirudi mikono mitupu. Insha yenyewe, ambayo ukomo wake ni maneno 650, ilitoka kwenye daftari hilohilo. Za kuhurumiwa naziogopa. Wasomaji wale wamezisoma mpaka basi.

Kuhusu pesa, angalia kwanza chuo kinamchukuliaje mwombaji kutoka nje ya Marekani. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst haviangalii uwezo wako wa kulipa vinapoamua kukuchukua. Vingi vingine vinaangalia, na hapo ombi la msaada mkubwa linakupunguzia nafasi.

Mwisho wa kutuma maombi huwa Novemba mosi kwa wanaowahi, na mwanzoni mwa Januari kwa wengine. Mwalimu mwombe Agosti. Novemba kuna mtihani wa kidato cha nne, walimu wako kwenye usimamizi, na baada ya hapo wengine wanaitwa kusahihisha. Barua inapakiwa na mwalimu mwenyewe kwa akaunti yake, kwa hiyo mpelekee na bando.