Kusakinisha CloudNativePG, na ninachokagua kabla ya kuikabidhi

Nilikuwa miongoni mwa wale wanaosema hifadhidata isiingizwe kabisa Kubernetes, mfumo unaoendesha programu kwenye kundi la kompyuta (klasta). Podi, yaani vifungashio ambamo programu hukaa, hufa na kuzaliwa upya saa yoyote, na data haitaki mchezo huo. Kilichonigeuza ni opereta: programu inayoishi ndani ya klasta, inasoma ulichoagiza kwenye YAML (faili la maandishi la mipangilio), inatazama hali ilivyo, kisha inarekebisha palipopinda. CoreOS ndio walioleta wazo hilo mwaka 2016.

Kwa hifadhidata ya PostgreSQL natumia opereta iitwayo CloudNativePG. Kusakinisha hakuna hadithi ndefu: `kubectl apply` (kubectl ndiyo amri ya kuongea na Kubernetes) kwenye faili la toleo ulilochagua, basi, opereta inakaa kwenye namespace ya cnpg-system. Ila usiache `--server-side`. Ukiiacha, kubectl hujaribu kubandika nakala ya kila kipengele cha faili ndani ya metadata yake, na CRD (maelezo ya aina mpya ya kitu inayoongezwa Kubernetes) mojawapo ni ndefu kupita kiasi, utaambiwa metadata.annotations imevuka baiti 262144. Faili halina kasoro, usihangaike kulipakua upya.

Hifadhidata yenyewe ni mistari michache: kind ni Cluster (yaani kundi la PostgreSQL, si klasta ya Kubernetes), instances 3, ukubwa wa diski. Nikiipa jina db, inapanda db-1, kisha db-2 na db-3 zinanakili kutoka kwake. Huduma tatu hujitokeza: db-rw ya kiongozi (anayepokea maandishi), db-ro ya wafuasi (wanaosomwa tu), db-r ya yeyote aliye tayari. Nenosiri liko kwenye Secret ya db-app. Programu iunganishwe na db-rw, si na podi kwa jina.

Sababu utaiona ukifanya hivi: `kubectl delete pod db-1 --grace-period=1`, huku dirisha la pili likiandika data mfululizo. Maandishi yanakwama kidogo, kisha yanaendelea. Ukiuliza `kubectl cnpg status db` (cnpg ni programu-jalizi ya kubectl), kiongozi sasa ni mwingine, na db-1 imerudi kama mfuasi. Hairudishiwi cheo kwa kuwa ina namba moja. Mimi hulipenda jaribio hili kuliko maelezo yote ya kwenye nyaraka.

Angalia pia `kubectl get pods -o wide`. Kwa kawaida opereta hupendelea kutawanya podi kwenye nodi (kompyuta za klasta) tofauti, lakini hailazimishi. Nodi zikibana, utazikuta mbili pamoja. Weka podAntiAffinityType iwe required.

Halafu kuna hili ambalo watu hulipuuza: ukifuta Cluster, PVC zake (diski zenye data) zinafutwa nayo. Na nakala tatu si nakala rudufu. DROP TABLE hufika kwa wafuasi wote kabla hujashusha pumzi. Kwa hiyo nakala rudufu na WAL (kumbukumbu za kila badiliko la PostgreSQL) huzipeleka kwenye hifadhi iliyo nje ya klasta, kisha nainua Cluster nyingine yenye jina tofauti kwa bootstrap.recovery na kuhesabu safu za jedwali kubwa pande zote mbili. Zikilingana ndipo timu inapewa anwani ya db-rw.